Pandebono Inayoumuka: Mwongozo Kamili Kuanzia Kaunta ya Bekari ya Kikolombia Hadi Oveni Yako

Pandebono ni mkate mdogo wa jibini wa Kikolombia, na picha ninazotumiwa za zilizoshindikana zinafanana zote. Vidonge vya rangi ya majivu, vigumu, vimepasuka juu kama shamba la kiangazi, na ndani vimeshikamana kama ugali uliolala. Swali nalo ni lilelile: "Nimefuata vipimo vyote, mbona haikuumuka?" Nami huuliza jambo moja tu: ulitumia unga gani? Karibu kila mara jibu huwa "unga wa muhogo".

Hapo ndipo penye tatizo. Pandebono haipikwi kwa unga wa muhogo. Hupikwa kwa wanga wa muhogo, tena wanga uliochachushwa na kuanikwa juani. Hivi ni vitu viwili, kama nazi na tui. Ukielewa hilo peke yake, umeshapunguza nusu ya safari.

Mwongozo huu unaanzia bekarini kabla ya kufika jikoni. Aliyewahi kuipasua pandebono ya moto kwa mikono yake anajua anatafuta nini. Ambaye hajawahi anabahatisha.

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatoa pandebono kama 14, kila moja ikiwa na ukubwa wa yai la kuku.

- Wanga mchachu wa muhogo, gramu 200. Pakiti ya Kikolombia huandikwa *almidón agrio de yuca*. Ya Kibrazili huandikwa *polvilho azedo*, nayo inafaa vilevile.
- Masarepa, gramu 50. Huu ni unga wa mahindi yaliyopikwa kwanza, ndipo yakakaushwa na kusagwa. Sembe ni unga mbichi, utaacha chengachenga mdomoni.
- Jibini nyeupe yenye chumvi, gramu 350. Ya asili ni *queso costeño*. Ukiikosa, changanya feta gramu 200 na mozzarella gramu 150.
- Yai 1.
- Sukari, kijiko 1 cha chakula.
- Maziwa, vijiko 2 hadi 5 vya chakula. Yaweke kando, huenda usiyamalize.
- Mizani ya jikoni, trei nzito, karatasi ya kuokea, na oveni inayofika nyuzi 220 za Selsiasi.

Chumvi haimo kwa sababu jibini inayo ya kutosha. Hamira na baking powder hazimo pia, na ninakusihi usiziongeze. Watu wengi huzitia kwa hofu, halafu wanapata kitu chenye ladha ya sabuni.

Usipime kwa kikombe. Kikombe cha wanga uliopepetwa na kikombe cha wanga ulioshindiliwa vinaachana kwa gramu nyingi, na mkate huu hausamehe tofauti hiyo.

Umekosa masarepa? Iache kabisa, tumia wanga gramu 250. Utakachopata kinaitwa *pan de yuca*, ndugu wa pandebono, naye ana heshima yake kwenye kaunta ileile.

## Hatua ya 1: Nenda bekarini ukaonje

Mimi nilianzia Jackson Heights, mtaa wa Queens, New York. Unapanda treni ya namba 7, unashuka kituo cha 82nd Street, na ukiteremka ngazi tu uko Roosevelt Avenue, reli ikinguruma juu ya kichwa chako. Wakolombia waliohamia hapo waliupa mtaa jina la utani *Chapinerito*, kwa kukumbuka Chapinero, mtaa wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Msomaji aliye New Jersey aende Elizabeth. Aliye London ajaribu Elephant and Castle au Seven Sisters.

Nilifuata harufu. Ndani kulikuwa na kabati la kioo kutoka ukuta hadi ukuta, trei zikiingizwa kutoka nyuma, na mama mmoja akinyanyua mikate kwa koleo na kuitumbukiza kwenye mifuko ya karatasi. Yangu ilipofika mkononi, karatasi ilikuwa imeshaanza kulowa mafuta. Niliipasua. Ganda lilikuwa jembamba kama la yai, likakatika bila kelele. Ndani mlikuwa na shimo, kuta zake zinang'aa, jibini ikavutika nyuzi mbili tatu kabla ya kukatika, na ukapanda mvuke wenye uchachu ulionikumbusha togwa ya siku ya pili. Uchachu huo ndio alama ya wanga sahihi. Uukariri.

Ukiingia, salimu kwanza. *Buenas* linatosha saa yoyote ya siku. Utajibiwa *a la orden*, yaani "tuko tayari kukuhudumia". Kisha uliza *¿Qué hay calientico?*, kipi kimetoka sasa hivi? Swali hili lina thamani kuliko orodha yoyote ya vyakula, maana mikate ya wanga huishi muda mfupi. Kuagiza, Mkolombia husema *me regala*, neno kwa neno "nizawadie": *¿Me regala dos pandebonos?* Usishtuke, atalipa. Ni adabu tu, kama sisi tunavyosema "naomba" dukani.

Kwenye kioo utaona vitu vinavyofanana, na hapa wengi huchukua kisicho. *Pandebono* ni ya Valle del Cauca, mkoa wa mji wa Cali. Huwa mviringo au pete, rangi ya dhahabu yenye madoa. *Pan de yuca* haina mahindi, ni nyepesi zaidi, na mara nyingi hukunjwa kama mwezi mchanga. *Almojábana* ina mahindi mengi na jibini laini iitwayo *cuajada*, ni nene, laini na tamu kidogo. *Buñuelo* ni tufe la kukaanga. Ukiliona utasema kaimati, lakini ni kubwa kama chenza, lina jibini ndani na halichovywi shira. *Roscón* ni pete ya ngano iliyojazwa jemu nzito ya mapera na kupambwa sukari juu. Hii nayo usiikose, ingawa haituhusu leo.

Cha kunywa: *tinto* ni kahawa kavu, isiyo na maziwa. *Aguapanela* ni maji yaliyochemshwa na sukari guru, na mtu wa kwetu ataifahamu kwa funda la kwanza. Kwenye sharubati, *guanábana* ni stafeli na *maracuyá* ni pasheni. Utaulizwa kama unataka ya maji au ya maziwa. Na kama kuna chokoleti ya moto, agiza na kipande cha jibini, ukitumbukize kikombeni, ukiwinde kwa kijiko kikishalainika.

Tahadhari kwa wanaokula halali. Pandebono yenyewe haina nyama, lakini jirani zake kabatini huwa nayo. *Jamón*, *chorizo* na *chicharrón* ni nguruwe. Mikate ya ngano na keki za tabaka huweza kuwa na shahamu ya nguruwe. Uliza *¿Tiene manteca de cerdo?*, yaani "ina shahamu ya nguruwe?"

Tahadhari kwa wasiovumilia ngano. Mapishi ya pandebono hayana ngano, ila trei na hewa ya bekari vimejaa ngano. Mgonjwa wa celiac aipike nyumbani.

Umefanikiwa ukiwa umenunua mbili: moja ukala papo hapo, ya pili ukaiacha hadi jioni. Ya jioni itakuwa ngumu kama raba. Wengi hudhani yao imeharibika ikifikia hali hiyo, kumbe hata ya mtaalamu huwa hivyo. Wanga uliopikwa hukaza ukipoa.

Kabla hujaondoka mtaani, pita maduka ya vyakula ya jirani. Wanga mchachu, masarepa na *queso costeño* huwa pamoja, mara nyingi rafu za nyuma na friji la pembeni.

## Hatua ya 2: Hakiki wanga wako

Unga wa muhogo ni muhogo mzima: umemenywa, umekaushwa ukawa makopa, umesagwa na nyuzi zake. Wanga ni kile cheupe kinachotuama chini ya beseni baada ya kukamua muhogo uliokunwa. Nyuzi zikibaki, hunyonya maji na kuzuia donge kuvutika, kwa hiyo mvuke hutoboa na kutoka. Ndiyo ile mipasuko ya kwenye picha.

Fanya majaribio matatu. Inachukua dakika tano.

*Vidole.* Finya wanga kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Halisi hukwaruza kwa sauti ya chini na kuteleza, mweupe pe. Unga hutulia kimya kama ngano, na una harufu ya makopa.

*Moto.* Koroga kijiko kimoja katika kikombe cha maji baridi, kisha pasha huku ukikoroga. Wanga hugeuka gundi inayopenya mwanga, ileile ya kutia kanzu dondo. Unga huwa uji usiopitisha mwanga.

*Ulimi.* Lamba chembe. Ukisikia uchachu, una wanga mchachu. Usiposikia kitu, una wanga mtamu, ule uuzwao kama tapioka kwenye maduka ya Kiasia.

Wanga mtamu si kosa la kukatisha tamaa. Mkate utaumuka kidogo, utakuwa mzito na wa kutafunika sana, lakini utalika. Wanga mchachu ndio unaoinua. Wakati wa kuchachuka asidi hushambulia chembe za wanga, kisha jua hukamilisha mabadiliko, na donge linapata uwezo wa kuvutika kwenye joto bila kukatika. Hiyo ndiyo kazi ambayo kwenye mkate wa ngano hufanywa na hamira na ule mnato wa ngano.

### Ukikosa kabisa: utengeneze mwenyewe

Hapa mtu wa Tanga au Mtwara ana nafasi nzuri kuliko mtu wa New York, maana muhogo mbichi anao na jua analo. Kinachotakiwa ni subira ya mwezi mmoja.

Chukua muhogo mtamu uliochimbwa siku hiyohiyo au jana yake, kilo 5. Umenye, uoshe, uukune laini. Tia maji mengi, ukamue kwenye kitambaa safi kama unavyokamua tui, mara mbili au tatu, mpaka maji yanayotoka yakaribie kuwa maangavu. Acha yatuame saa nne hadi sita. Mwaga maji ya juu polepole. Chini utakuta tabaka gumu, jeupe, linalopasuka ukilichimba kwa kijiko. Mimina maji safi, koroga, acha yatuame tena, mwaga.

Sasa weka maji safi yafunike wanga kwa kina cha vidole vitatu, ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula, usitumie ya chuma. Funika kwa kitambaa, weka kivulini. Siku 20 hadi 30. Huo ndio muda unaotumika katika *rallanderías*, karakana ndogo za wanga za mkoa wa Cauca kusini mwa Kolombia. Utaona mapovu madogo, na harufu itageuka kuwa chachu, safi, kama maziwa mgando.

Muda ukitimia, mwaga maji, vunja wanga vipande vidogo, anika kwenye shuka safi juani. Geuza mara kwa mara. Ukikauka hadi uvunjike vumbi mkononi, saga kwa chupa na chekecha.

Jua hapa si njia ya kuokoa gesi. Wanga mchachu uliokaushwa kwenye oveni au kivulini hauumuki unavyotakiwa, kwa sababu mwanga wa jua wenyewe hushiriki kuubadilisha. Kwa hiyo usianze kazi hii ukijua siku ya kuanika itaangukia masika.

Tahadhari. Usitumie muhogo mchungu, una sianidi nyingi. Maji ya kukamulia yamwage mbali, mifugo wasiyanywe. Ukiona ukungu wa rangi ya waridi, kijani au mweusi, au harufu ya kuoza badala ya uchachu, tupa wote.

Kilo 5 za muhogo zikikamuliwa kwa mkono hukupa wanga mkavu unaokaribia kilo moja, pengine pungufu. Inatosha trei nne.

## Hatua ya 3: Andaa jibini

Ikwaruze kwenye tundu ndogo kabisa. Vipande vikubwa huyeyuka peke yao na kuacha mabwawa ya mafuta kwenye trei.

Feta huja na maji ya chumvi. Ifungie kwenye kitambaa, ikamue vizuri kabla ya kuipima. Maji yaliyofichwa ndani ya jibini ndiyo sababu ya pili kwa ukubwa ya pandebono kulala chali kama chapati.

Onja mchanganyiko wa jibini. Chumvi yake izidi kidogo ile unayopenda ukila hivihivi, kwani wanga utaimeza. Ukitumia paneer, jibini ya Kihindi ambayo haina chumvi, ongeza nusu kijiko cha chai.

## Hatua ya 4: Changanya na kanda

Washa oveni sasa, nyuzi 220. Ikiwa ina feni, 200. Ipe dakika 20 kamili.

Changanya wanga, masarepa na sukari. Tia jibini, sugua kwa viganja mpaka ifanane na mchanga mbichi. Tia yai, anza kukanda.

Dakika ya kwanza donge litaonekana kavu na litakuwa linamomonyoka. Hapo ndipo mkono hukimbilia maziwa. Usikimbilie. Joto la viganja linalainisha mafuta ya jibini, na dakika ya tatu au ya nne donge lilelile linaanza kushikana lenyewe. Kanda dakika tano kwanza, ndipo uamue. Likiwa bado linavunjika, tia maziwa kijiko kimoja, kanda, angalia, kisha kingine.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kufinyanga kidonge, ukakibonyeza kwa kidole gumba, na kingo zake zisipasuke. Liwe kama udongo wa mfinyanzi: linakubali umbo, haliachi kitu mkononi. Likinata, umezidisha. Ongeza wanga, kijiko kwa kijiko.

## Hatua ya 5: Finyanga

Gramu 50 kila kimoja, pima angalau vitatu vya mwanzo mpaka jicho lizoee. Viringisha kwa nguvu kati ya viganja hadi uso uwe laini kabisa. Ufa mdogo utakaouacha sasa utakuwa mlango wa mvuke baadaye.

Panga kwa nafasi ya vidole vitatu. Visikae nje zaidi ya dakika 15, uso unakauka. Oveni ikichelewa, vifunike au viweke friji.

## Hatua ya 6: Oka

Rafu ya kati, dakika 16 hadi 20. Usifungue oveni kabla ya dakika ya 12. Mkate huu unasimamishwa na mvuke tu mpaka kuta za wanga zikaze. Joto likishuka mapema, mvuke unalegea na kila kitu kinashuka.

Dakika ya 6 au 7, kupitia kioo, utaona vidonge vinatanuka kiunoni. Dakika ya 10 vinainuka. Kisha rangi.

Umefanikiwa ukiwa ukubwa umekaribia mara mbili, juu pana madoa ya kahawia, na ukigonga chini kwa kucha panasikika utupu. Nyanyua mmoja: uwe mwepesi kuliko macho yanavyotarajia. Kunywea kidogo ukitoka ni kawaida.

Huna oveni? Tumia jiko la mkaa kama kwa mkate wa kumimina: sufuria nzito iliyokwisha kupata moto, kifuniko cha bati, makaa machache chini na mengi juu. Pika vidonge vitano vitano. Makaa mengi yakiwa chini, vitaungua matako kabla ya kuinuka.

## Ikikataa

Vimepasuka na ni vigumu: ni unga badala ya wanga, au donge kavu. Vimetandaa: maji mengi kwenye jibini, maziwa ya haraka, au oveni ambayo haijapata moto. Vimeinuka kisha vikaanguka kabisa: umevitoa mapema, ongeza dakika tatu. Vimekuwa vizito lakini vina umbo zuri: wanga wako ni mtamu. Kwa hili la mwisho hakuna ujanja wa jikoni, tafuta wanga mwingine.

## Kula na kuhifadhi

Kula ndani ya nusu saa. Zilizobaki zirudishe kwenye oveni nyuzi 180 kwa dakika tano, zitalainika tena. Maikrowevu huzifanya raba ndani ya dakika mbili baada ya kutoka.

Njia ninayoitumia mimi ni kugandisha zikiwa mbichi. Panga vidonge kwenye trei, weka friza mpaka viwe vigumu kama mawe, ndipo uvitie mfukoni, usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi usiviyeyushe. Kutoka friza moja kwa moja hadi oveni ya nyuzi 200, ongeza dakika nne au tano, na uweke kahawa jikoni wakati huohuo, maana vitaiva pamoja.